Kiingereza cha Stesheni

Juzi mjukuu wangu alikaa barazani na kitabu chake cha shule, anakariri Kiingereza kwa sauti. Mimi niko ukumbini nachambua mchele, sina habari naye. Mara nikamsikia: go away, kuondoka. Set off, kuanza safari. Break up, kuachana. Ungo ukanitoka mkononi, mchele wote chini. Nikatoka mbio nikamwambia, "Wewe! Nenda kasomee kwa mama yako, hapa kwangu maneno hayo sitaki kuyasikia!" Mtoto wa watu akanikodolea macho. "Bibi, kesho tuna mtihani." Mtihani! Nikamwambia achukue na huo mtihani wake aende nao. Baadaye nikaona haya, nikamwita nikampa kashata, lakini kumweleza sikuweza. Ningeanzia wapi? Nawaeleza nyinyi wenzangu wa rika langu, mnaoikumbuka Kariakoo ya mchanga, nyumba za makuti na za madebe, na kishindo cha soko alfajiri kabla ya adhana.

Sisi tulikuwa tumepanga mtaa wa pili nyuma ya soko, katika nyumba ya vyumba sita ya Bi Tatu, mjane wa Kimanyema aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Chumba chetu kilikuwa cha mbele kushoto. Ng'ambo ya ukumbi, mlango kwa mlango, alikaa Bwana Filimoni, karani kutoka Nyasa, mtu wa kola nyeupe na miwani, aliyekula na kulala peke yake na hakuwa na ugomvi na mtu. Baba yangu alikuwa kuli pale stesheni. Alivaa namba ya shaba kifuani na alirudi nyumbani akinuka mafuta ya gari moshi na jasho la magunia, harufu ambayo mimi nilidhani ndiyo harufu ya baba wote duniani. Lakini hakutaka kufa kuli. Alitaka kuwa gadi, yule mtu wa filimbi na bendera, ambaye treni nzima na Wazungu wake ndani haitikisiki mpaka yeye apende. Mkubwa wa stesheni alikuwa amemwambia ajifunze Kiingereza kwanza, halafu ataona.

Basi ikawa kila siku baada ya alasiri Baba anakaa barazani juu ya mkeka, Bwana Filimoni kwenye kiti, somo linaanza. Makuli wenzake wawili watatu walikuwa wakija kusikiliza na kuchekelea. Na somo lenyewe lilikuwa kuondoka tupu, kwa sababu Bwana Filimoni alisema kazi ya gadi ni kuondosha watu, kwa hiyo tuanze na hilo. Goo awei. Set ofu. Sii ofu, hilo ni kumsindikiza msafiri. Brek apu. Baba aliyatamka kwa nguvu zote, kifua mbele, kama anabeba gunia.

"Hawa Wazungu, bwana!" alikuwa akisema. "Neno moja wanalipachika mikia. Mkia huu, mtu ameondoka. Mkia ule, ametoroka. Mkia mwingine, amekufa kabisa! Sasa mtu utajuaje?"

"Utazoea," Bwana Filimoni alimjibu.

Mama alikuwa akiyasikia yote kutoka uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Na Mama yangu, jamani, alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Alimwiga mnadi wa sokoni, alimwiga Banyani wa duka la mchele anavyovuta mizani, siku moja alimwiga muadhini mwenye mafua mpaka Bi Tatu akamwambia astaghfirullahi, utaingia motoni, huku mwenyewe anafuta machozi ya kicheko. Nyumba ile ilikuwa ikimngoja yeye ndipo icheke. Mimi nilijivunia kuwa mtoto wake.

Siku hiyo Baba alikuwa barazani na wenzake, na Mama akaja na sinia ya kahawa. Badala ya kusema karibuni, akaiweka sinia chini, akatoa kifua mbele, akaweka mwiko mdomoni kama filimbi. "Goo awei!" akasema kwa sauti ileile ya Baba. "Set ofu! Jikoni kumefungwa, kuli amekuwa Mzungu!" Watu wakaangua kicheko. Kuli mmoja alicheka mpaka tarbushi ikamdondoka. Hata Baba alicheka, niliyaona meno yake. Ndipo yule wa tarbushi akasema, "Loh, Bwana Seifu, kumbe nyumbani kwako gadi ni mkeo!"

Baba aliacha kucheka. Alisimama, akamtazama Mama kama anayetazama mtu aliyemkanyaga sokoni, akasema mbele ya wote wale, "Nimekuacha. Talaka moja." Mama alikuwa bado ameshika mwiko mdomoni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Nilikuwa nimesikia wanawake uani wakisema talaka ni tatu, kwa hiyo nikapiga hesabu zangu: kama mkate wa kumimina umekatwa vipande vitatu na kimoja kimeondoka, basi Mama bado amebaki mwingi. Nikawa namchunguza nione kilichopungua ni kipi. Mikono yote ipo, nywele zipo, sauti ipo. Baada ya siku kadhaa nikagundua: haigi watu tena. Nikasema, haya, ndicho hicho kilichokatwa, tutaishi hivyo hivyo.

Bi Tatu ndiye aliyeshika hatamu. "Hatoki mtu hapa!" alitangaza ukumbini. "Eda anakaa humu humu, chumba chake hiki. Wewe Bwana Seifu, uliyekuwa na mdomo mwepesi, tafuta pa kulala." Bwana Filimoni akampa Baba nafasi ya kutandika mkeka chumbani kwake. Kwa hiyo Baba alihama hatua mbili. Nilimuuliza Bi Tatu eda ni ugonjwa gani, maana Mama alikuwa anakonda. Akanivuta akanikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Si ugonjwa, mwanangu. Eda ni kungoja. Baba yako akitamka neno moja tu, nimekurejea, yamekwisha. Hatoi mahari, haiti shehe, mama yako anarudi kuwa mkewe palepale. Asipotamka mpaka eda ikaisha, basi tena. Hata alie damu."

"Neno lenyewe gumu?"

"Kwa mwanamume?" Bi Tatu akaguna. "Gunia la chumvi afadhali."

Tangu hapo mimi nikawa mdomo wa watu wawili. Hawakusemezana, walinituma. "Mwambie baba yako kanzu yake imefuliwa." Natoka chumba hiki naingia kile: "Baba, Mama anasema kanzu yako imefuliwa." "Mwambie mama yako samaki huyu hapa, amtie ndimu asiharibike." Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, mlango kwa mlango, lakini kila mmoja alingoja mpaka mimi nifike niseme tena ndipo ajibu. Sikupunguza neno wala kuongeza. Kama Baba alikohoa katikati, na mimi nilikohoa. Mwanzoni nilifurahi, maana sijawahi kuwa mtu muhimu namna ile. Na kila jioni nilingoja kutumwa lile neno moja. Nililifanyia mazoezi chooni, nimekurejea, nimekurejea, nisije nikakosea siku yenyewe ikifika.

Halikuja. Yalikuja ya samaki, ya maji ya kuoga, ya kifungo cha kanzu. Wanawake wa uani walimwambia Mama, nenda kamwombe radhi, unapungukiwa nini? Mama akawaka: "Nimwombe radhi kwa kucheka? Na yeye alicheka! Nilimwona!" Upande wa pili nilimsikia Bwana Filimoni akimwambia Baba kwa upole, Bwana Seifu, mrudie mkeo, na Baba akijibu, "Alinivunjia heshima mbele za watu. Aje aniombe mbele ya walewale." Hayo hakuna aliyenituma niyapeleke, na mtoto wa wakati wetu hakupeleka asichotumwa. Siku zikaenda. Baba akapata kujua mikia mingi zaidi, akawa anatamka vizuri hata Bwana Filimoni anamsifu. Kila alasiri kuondoka, kuondoka, kuondoka, na Mama uani anayasikia, anakuna nazi mpaka anakwaruza kifuu.

Alasiri moja akaacha kukuna. Akaniita. "Nenda barazani. Kamuulize huyo karani hivi: maneno yote hayo ya kuondoka, Wazungu hawana la kurudi?"

Nilikwenda nikauliza, hivyo hivyo, kwa sauti ya Mama. Bwana Filimoni alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu mwerevu, Mungu amrehemu. Akaniangalia, akaangalia ule ukumbi mrefu unaotokea uani.

"Lipo," alisema. "Bwana Seifu, leo tunajifunza hilo. Sema: come back. Na ugeukie kule, useme kwa nguvu. Stesheni kuna kelele."

Baba akageuka. Akaelekea ukumbini, kule mwisho ambako pembe ya khanga ya Mama ilikuwa ikionekana mlangoni. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Kamu baki," akasema. "Nguvu zaidi," Bwana Filimoni akamwambia. "Kamu baki!" Baba akaita, na sauti yake, wallahi, haikuwa sauti ya somo.

Sikungoja kutumwa. Nilikimbia ukumbi mzima. "Mama! Kasema! Kasema urudi!"

Uani kukawa kama kumeangushwa sinia. Wanawake wote wakasimama. Mmoja anauliza, kasema nini? Mwingine anasema, kwa Kizungu haisihi. Wa tatu anasema, kwa nini isisihi, kwani talaka kwa Kizungu ingekuwa mchezo? Bi Tatu akapiga kofi moja wakanyamaza. "Mwenyezi Mungu hakuna lugha asiyoijua," alisema. "Lugha si kitu. Kitu ni nia. Alikuwa akimwambia nani?" Wote wakamgeukia Mama. Alikuwa ameshanawa mikono. Alikuwa ameshajifunga khanga upya. Na usoni, wenzangu, kile kipande kilichokatwa kilikuwa kimerudi: nilimwona kabisa anataka kucheka.

"Kamuulize," akaniambia taratibu. "Lile neno alikuwa akimwambia nani. Akisema ni mimi, basi. Radhi nitaomba, mbele ya walewale, mbele ya soko zima akitaka."

Nilirudi mbio. Kumbe katika muda ule wenzake Baba walikuwa wamefika, walewale, na yule wa tarbushi yuko mbele, ameshika kikombe cha kahawa. Mimi nilijua namna moja tu ya kufikisha maneno. Nikasimama katikati yao nikasema kwa sauti, "Baba, Mama anauliza, lile neno ulikuwa ukimwambia nani?"

Hapo yule wa tarbushi akatoa jino. "Alaa! Bwana Seifu, kumbe somo linafika mpaka jikoni?"

"Mjibu mtoto," Bwana Filimoni akasema chini chini. "Bwana Seifu, nakusihi. Mjibu."

Baba aliniangalia. Nilimwona anafungua mdomo, nikamsaidia kimoyomoyo, nimekurejea, nimekurejea. Akawatazama wenzake. Akatazama mkeka.

"Mwambie," akasema, "namwambia mwalimu wangu. Najifunza kazi."

Ule ukumbi niliukimbia kila siku, lakini safari ile nilitembea. Niliomba njiani nianguke, niumwe na nge, Bi Tatu anitume sokoni, chochote. Nikafika. Nikasema nilivyoambiwa. Mama akasema, "Haya," akakaa tena juu ya mbuzi, akamalizia kifuu alichokiacha.

Sijui eda iliisha siku gani, mambo hayo watoto hatukuambiwa. Nilichokiona ni mjomba wangu kutokea Ngerengere, kaka yake Mama, mtu mkavu wa maneno, ameketi ukumbini na fimbo yake. Bi Tatu alijaribu la mwisho. Akamwambia, eda kweli imekwisha, lakini nikahi mpya si haramu, waiteni wote wawili. Mjomba akasema, "Dada yangu haolewi mara ya pili na mtu aliyemwacha kwa sababu ya kucheka." Baba hakuwapo, alikuwa kazini. Ikabaki habari yangu mimi. Bi Tatu alisema mtoto ameshafika umri wa kuulizwa, na mjomba akaniita mbele yake. "Unakwenda na mama yako, au unabaki na baba yako?"

Mimi bila kusita nikasema nabaki. Bi Tatu akashika kinywa. Mama alisema tu, "Mwacheni," lakini uso wake ulinitisha, nikamwendea nikamnong'oneza sikioni. Nilimwambia mimi ndiye mdomo, na mdomo ukae lilipo neno. Nikiondoka na wewe, siku atakayolisema nani atakuletea? Akilisema tu, nakuletea. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Hakuniambia kwamba neno lile lilikuwa limeshakwisha kazi. Hakuna aliyeniambia, siku ile wala siku zilizofuata.

Tulimsindikiza kwa miguu, tukapitia Mnazi Mmoja, mimi, Bi Tatu, Mama na buibui lake, na mjomba na sanduku kichwani. Na stesheni nani tukamkuta? Baba. Wiki ileile alikuwa amevuliwa namba ya shaba, ameteuliwa msaidizi wa gadi, kanzu hakuna, koti la khaki lina vifungo vinavyong'aa, mkononi bendera ya kijani. Kiingereza kilikuwa kimezaa matunda. Alituona. Hakuja. Mjomba akamwingiza Mama behewa la tatu, akamkalisha dirishani, na mimi nikaenda kusimama kando ya Baba, kazini kwangu.

Gadi mwenyewe, Mhindi mmoja mnene, akapiga filimbi kutoka kule mwisho. Baba alitakiwa ainue bendera. Hakuinua. Gadi akapiga tena, akapiga kelele kwa Kiingereza, na makuli wote wakageuka kutazama. Mkono wa Baba ulikuwa umeganda pajani, bendera inagusa chini. Nikasema moyoni, leo, leo ndiyo leo. Gadi akaanza kuja kwa hasira, na Baba akainua bendera juu kabisa. Gari moshi likaguta, likang'oka.

Ndipo aliposema. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, bila mkia wowote, macho yakiwa kwenye yale madirisha yanayopita: "Nimekurejea."

"Sasa, Bwana Seifu?" Bi Tatu akasema nyuma yetu, sauti imempotea. "Sasa?"

Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio. Nilipita katikati ya wauza machungwa, nikaruka mizigo, nikapoteza kiatu. "Mama! Kasema! Kasema Kiswahili!" Kichwa cha Mama kikatoka dirishani, mkono sikioni. "Kasema nimekurejea! Mama! Kasema!" Alisikia, najua alisikia, kwa sababu aliniuliza. Aliniuliza kwa nguvu zote, juu ya kelele za chuma:

"Kamwambia nani?"

"Wewe!" nikalia. "Wewe, Mama! Wewe!" Lakini hapo sakafu ya stesheni ilikuwa imekwisha, kuli mmoja akanidaka gauni nisianguke relini, na lile behewa likawa limeshapinda.

Nikarudi nachechemea, kiatu kimoja. Baba alikuwa palepale, bendera bado iko juu, na treni haipo. Makuli walikuwa wamemzunguka, yule wa tarbushi naye yumo, hakuna anayecheka.

"Kasemaje?" Baba akaniuliza.

"Anauliza ulikuwa ukimwambia nani."

Baba alikaa juu ya mizigo ya watu, koti lake jipya na vifungo vyake, mbele ya walewale wote, akalia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa. Nami nikasimama mbele yake, mikono nyuma, nikangoja anitume nikamwambieje.